Kodi, Kipande na Mizani: Mambo ya Kujifunza Kutoka Enzi za Mkoloni Kabla Hujauza Mazao Yako



Mahindi yanakaribia kukomaa, na wanunuzi wameanza kuzunguka vijijini wakiwa na fedha taslimu. Wapo wanaolipa mazao yakiwa bado mabichi shambani. Wenzetu wa Kagera wanalijua jambo hili kwenye kahawa, wanaliita butura. Mtwara na Lindi kwenye korosho wanazungumzia kangomba, yaani kuuza kwa wanunuzi wa pembeni badala ya kusubiri mnada. Huku kwetu kwenye mahindi halina jina, lakini lipo.

Swali ninaloulizwa sana wiki hizi ni hili: "Afisa, bei wanayotoa ni nzuri?" Leo naomba tuweke kando mbolea na viuatilifu, tujibu swali hilo kwa kupitia historia. Babu na bibi zetu waliuza pamba, kahawa na nguvu zao chini ya Mjerumani na Mwingereza kwa zaidi ya miaka 70. Ukiangalia vizuri walivyolipwa, utaona kwamba bei ndogo haikutokana na mnunuzi mkorofi peke yake. Ilitokana kwanza na mtu mwingine kukupangia tarehe ambayo lazima uwe na fedha mkononi.

1. Fedha ilivyoingia kijijini

Biashara ilikuwepo kabla ya ukoloni. Chumvi ya Uvinza ilisafiri mbali, majembe ya chuma yalibadilishwa kwa mifugo na nafaka, na vitambaa vya merikani na shanga vilitumika kama fedha kwenye njia za misafara. Pwani watu walihesabu kwa reale na rupia za Kihindi. Mtu aliuza akiwa na ziada, na alinunua akiwa na haja. Asipouza mwaka huu, hakuna aliyekuja kumkamata.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake mwaka 1890. Mwanzoni rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikabadili mgawanyo, rupia moja ikawa heller 100. Neno "hela" unalotumia kila siku linatokana na hiyo heller.

Lakini sarafu peke yake haimlazimishi mtu kuitafuta. Kilicholazimisha ni kodi. Kuanzia 1898 kila nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia 3. Miaka ya mwanzo wengi walilipa kwa nafaka au kwa kufanya kazi. Mwaka 1905 utaratibu ukabadilishwa: rupia 3 kwa kila mwanamume mtu mzima, na zilipwe kwa fedha taslimu.

Hapo ndipo maisha yalipobadilika. Ukiwa na ghala limejaa mtama lakini huna rupia, bado ulikuwa mdaiwa. Ilibidi uuze zao, au uuze nguvu zako. Serikali ilihitaji mapato, ni kweli, lakini pia ilihitaji wafanyakazi wa mashamba makubwa na mazao ya kupeleka Ulaya. Kodi ya fedha ilileta vyote kwa pamoja.

Palipoonekana kodi haitoshi, zilitumika nguvu. Kuanzia 1902, katika wilaya za pwani na kusini, watu walilimishwa mashamba ya pamba ya kijiji chini ya majumbe. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba hiyo. Ndivyo vita ya Majimaji ilivyoanza. Wengi tunaikumbuka vita hiyo kwa maji ya Kinjikitile, lakini ndani yake kulikuwa na hesabu ya mkulima: siku za kazi nilizotoa, na malipo niliyopata.

2. Kipande: siku 30 ambazo si mwezi

Ambaye hakuwa na zao la kuuza alikwenda kibarua. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, na mashamba yake yalipokua yalihitaji maelfu ya mikono. Watu walitoka Kigoma, Songea, Tabora na Rungwe, na wengine Rwanda, Burundi na Msumbiji. Walioandikishwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba.

Malipo yalihesabiwa kwa kipande. Hii ilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi uliyopangiwa siku hiyo, siku yako inawekwa alama. Ukiugua, au ukishindwa kufikisha idadi ya matita ya majani, siku hiyo haihesabiwi. Kwa hiyo "mshahara wa mwezi" ungeweza kuchukua mwezi na nusu au zaidi. Huko Usambara Magharibi, mwaka 1907, Wajerumani walikwenda mbali zaidi: kila mwanamume mzima alipewa kadi ya kuonyesha kwamba amefanya kazi siku 30 kwa Mzungu ndani ya kila miezi minne.

Mshahara ulikuwa mdogo, na wenye mashamba walikuwa na hoja yao. Walisema mfanyakazi ni mtu mmoja, familia yake iko kijijini na inajilisha yenyewe. Fikiria maana ya hoja hiyo. Mke aliyebaki Kasulu au Songea akilima mihogo na kulea watoto ndiye aliyemwezesha mwenye shamba Tanga kulipa kidogo. Jasho lake halikuandikwa kwenye kitabu chochote cha mshahara.

Jirani zetu wa Kenya walipitia njia hiyo hiyo. Mwaka 1921, bei za mazao ziliposhuka, waajiri wa Kizungu waliamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, wakati kodi na kipande vikiendelea. Harry Thuku aliongoza malalamiko, akakamatwa. Machi 1922 umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiwe ulipigwa risasi na polisi.

3. Bei inashuka, deni halishuki

Mwingereza alipochukua Tanganyika aliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa, sasa kwa shilingi. Wakusanyaji walijua fedha hupatikana kijijini baada ya mavuno, na mara nyingi msukumo uliwekwa wakati huo. Matokeo yake, kila mtu alipeleka mazao sokoni kwa wakati mmoja. Mnunuzi hakuwa na sababu ya kupandisha bei.

Baada ya 1929 uchumi wa dunia ulianguka. Bei ya mkonge ilishuka kwa zaidi ya nusu, kahawa na pamba zikaporomoka pia. Mishahara ya mashambani ilikatwa. Serikali ikawahimiza wakulima walime zaidi ili kodi iendelee kupatikana.

Tufanye hesabu ya mfano. Kama kodi ni shilingi 10 na kilo moja ya zao ni senti 20, unahitaji kuuza kilo 50. Bei ikishuka hadi senti 10, unahitaji kilo 100 kulipa kodi ile ile. Umelima mara mbili, umebaki pale pale. Na kwa kuwa kila jirani naye analima mara mbili, mazao yanajaa sokoni na bei haipandi.

Hii ni kanuni ya kuikumbuka. Deni lililoandikwa kwa fedha halijali bei ya zao lako. Ukikopa 200,000, utadaiwa 200,000 hata kama gunia limeshuka.

4. Duka na mizani

Kati ya mkulima na meli kulikuwa na mwenye duka, mara nyingi mfanyabiashara wa Kihindi. Mtindo wa duka lile lile kununua mazao na kuuza nguo, chumvi na majembe ulienea sana. Allidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo, alikuwa na matawi kwenye njia za misafara mpaka Uganda. Mkulima alipokea fedha kwa mkono wa kulia na kuirudisha kwa mkono wa kushoto, mezani pale pale.

Haki isemwe: mwenye duka mdogo wa kijijini naye alikuwa na deni. Bidhaa alizipata kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla mjini, na huyo wa jumla alikopeshwa na kampuni za uagizaji. Kila ngazi ilikuwa na tarehe ya kulipa, na kila ngazi ilimkandamiza wa chini yake. Wa chini kabisa alikuwa mkulima, ambaye hakuwa na mtu wa kumsukumia mzigo.

Mkulima pia hakuwa na mahali halali pa kukopa. Miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika iliweka sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Deni ambalo Mwafrika alikopeshwa bila kibali cha ofisa halikuweza kudaiwa mahakamani. Walisema ni kwa ajili ya kumlinda. Lakini mtu asiyeweza kudaiwa hakopesheki, na aliyebanwa na shida alibaki na njia za chini kwa chini: kuchukua kitambaa leo na kuahidi pamba ya msimu ujao kwa bei aliyoitaja mwenye duka.

Halafu kulikuwa na mizani. Katika Usukuma na Ukerewe malalamiko ya wakulima wa pamba yalikuwa hayo kwa miaka mingi: mizani inapunja, na mkulima hawezi kuisoma. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 wakulima walianza kufanya jambo rahisi. Waliweka vijana wao wanaojua kusoma na kuandika wasimame kwenye vituo vya kununulia pamba, waangalie namba na kuiandika. Kutokana na juhudi za namna hii, na kazi ya watu kama Paul Bomani, vikatokea vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation. Chama hicho kilikuja kuwa kati ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Chanzo chake kilikuwa kijana mwenye kalamu kando ya mizani.

5. Waliokataa kuuza mmoja mmoja

Kilimanjaro walitangulia. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kichagga waliunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa mwenyekiti. Walikusanya kahawa na kuiuza kwa pamoja, jambo ambalo walowezi hawakulipenda. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuja 1932, na 1933 chama hicho kikawa KNCU, ambayo ipo Moshi hadi leo. Songea walifuata mwaka 1936 kwa chama cha Wangoni na Wamatengo cha kuuza tumbaku.

Siwaambii hadithi tamu tu. Mwaka 1937 wakulima wa Kilimanjaro walifanya ghasia dhidi ya KNCU yao wenyewe. Walikasirishwa na bei ndogo, kulazimishwa kuuza kupitia chama, na mahesabu wasiyoyaelewa. Chama kinapofanya mambo yake gizani, mwanachama hukiona kama mnunuzi mwingine tu.

6. Tarehe za leo

Kodi ya mkoloni haipo. Hata ile kodi ya maendeleo iliyodaiwa kwa kichwa ilifutwa mwaka 2003. Lakini tarehe zipo. Kuna rejesho la kikoba kila wiki, mkopo wa simu unaodai riba kila siku, deni la pembejeo dukani, sare na madaftari Januari, harusi na sherehe baada ya mavuno. Tofauti kubwa ni kwamba nyingi ya tarehe hizi tunaweza kuzipanga wenyewe. Babu hakuwa na nafasi hiyo.

Chukua mfano huu. Namba ni za kufundishia tu, weka za kijiji chako. Unatarajia gunia 15 za mahindi. Chakula cha nyumbani ni gunia 4. Una shida ya shilingi 225,000.

Ukiuza mahindi yakiwa shambani, mnunuzi anakupa 25,000 kwa gunia. Utampa gunia 9. Unabaki na 6; ukitoa chakula, zimebaki 2.

Ukisubiri mpaka Julai, gunia ni 45,000. Utauza gunia 5 kutatua shida ile ile. Unabaki na 10. Ukitoa chakula, zimebaki 6. Tofauti ni gunia 4, sawa kabisa na chakula cha familia yako cha mwaka mzima.

Hizo 6 ukizihifadhi mpaka Desemba na bei ikawa 65,000, utapata 390,000. Ungeziuza Julai ungepata 270,000. Toa gharama ya mifuko isiyopitisha hewa, tuseme 30,000, faida ya kusubiri ni 90,000. Bei si lazima ipande kila mwaka, kwa hiyo usihifadhi zote kwa kubahatisha. Lakini kupata nafasi ya kuchagua ni jambo ambalo mlipa kodi wa 1905 hakuwa nalo.

7. Fanya haya kabla ya mavuno

Kwanza, andika tarehe zako za fedha. Chukua daftari, orodhesha kila deni na kila gharama kuanzia sasa mpaka Januari. Ona ni zipi zinaangukia wakati wa bei ya chini. Sogeza zinazosogezeka. Zungumza na kikoba chenu kuhusu marejesho yanayofuata msimu badala ya wiki.

Pili, uza kwa kiasi cha shida, si kwa kiasi cha mavuno. Kama shida ni gunia 5, uza 5. Usisafishe ghala kwa sababu gari limefika.

Tatu, simama kwenye mizani. Dai mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, hakikisha inasoma sifuri kabla ya kupandisha mzigo, na uandike namba mwenyewe. Kataa lumbesa. Gunia likiwa na kilo 120 badala ya 100, kila gunia 5 unazouza umetoa gunia zima bure. Kama husomi vizuri, njoo na mtoto wako wa shule.

Nne, hesabu jasho la nyumbani. Siku za palizi za mkeo, za mumeo na za watoto ni gharama. Usipoziandika utasema umepata faida, kumbe umefanya kama yule mwenye shamba la mkonge, ila safari hii unampunja mtu wako mwenyewe.

Tano, tumieni chama, na mkisimamie. AMCOS na stakabadhi ghalani, ambayo ina sheria yake tangu 2005, vinakupa nafasi ya kuweka mazao ghalani na kuuza kwa pamoja. Nenda kwenye mkutano mkuu. Uliza makato ni mangapi na ni ya nini. Ulizeni kabla hasira hazijafika zilikofika Kilimanjaro 1937.

Sita, kwako mfanyabiashara wa kijijini. Ukinunua kwa fedha ya tajiri wa mjini, tarehe yake ndiyo inayokusukuma umbane jirani yako. Jitahidi kupunguza mkopo huo mwaka hadi mwaka. Pima kwa haki na toa risiti hata ya mkono. Mkulima aliyebaki na mahindi yake Desemba atakuuzia wewe, na atanunua sukari na sabuni kwako. Aliyemaliza yote Juni atakuja kukopa.

Kwa hiyo, kwa wale walioniuliza kama bei ya shambani ni nzuri: angalia kwanza nani amepanga tarehe ya shida yako. Kama una dharura ya kweli, mfano mgonjwa, uza kidogo kinachotosha, andikishaneni kilo na bei mbele ya mashahidi, na usisaini karatasi usiyoielewa. Kama si dharura, mwambie mnunuzi arudi mahindi yakikauka.

Wanaotaka kujifunza kukausha na kuhifadhi bila dumuzi, jiandikisheni kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tutafanya mafunzo kabla ya kuvuna, na daftari la tarehe za fedha ndiyo zana ya kwanza ya kuja nayo.